Hamira Hufundisha Kuliko Ubao

Ukiuliza kwa nini watoto wa madarasa ya chini hunakili tu ubaoni kwamba viumbe hai hula, hukua na hufa, utaambiwa shule haina maabara. Udhuru huo hauna mashiko. Kila jiko linalopikiwa mahamri ni maabara tosha kwa mtoto wa umri huo.

Mwalimu na achukue vikombe vitatu, atie katika kila kimoja kijiko kidogo cha hamira na kingine cha sukari. Katika cha kwanza amimine maji baridi sana, katika cha pili maji ya uvuguvugu. Katika cha tatu amimine yeye mwenyewe, wala si mtoto, maji yanayochemka. Kabla ya lolote kutokea, awaulize wanafunzi wanatarajia nini, na aliyebashiri visivyo asichekwe.

Baada ya robo saa hivi, kikombe cha pili kitakuwa kimejaa povu: hamira, ambayo ni kuvu hai, inakula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi. (Wapishi wetu wanaijua kazi hii miaka na mikaka, ila ni nani aliyewaalika darasani?) Vile vingine viwili vimetulia, na hapo ndipo wengi hufunga somo. Wasifunge. Kikombe cha kwanza kiwekwe juani, cha tatu kiachwe kipoe. Saa moja baadaye cha kwanza kitaanza kutoa povu. Cha tatu hakitaumuka kamwe. Mtoto aliyeyaona hayo atauliza mwenyewe kulala na kufa vinatofautianaje, na mwalimu asiwe mwepesi wa kumjibu.