Anayelisha shule huuza gramu, si magunia

Mfanyabiashara wa nafaka aliyezoea soko la Kibaigwa au Tandale hupima biashara yake kwa gunia. Akipata zabuni ya kupeleka chakula shuleni, hupeleka magunia yale yale, kwa lori lile lile, pamoja na ankara inayotaja idadi ya magunia. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mnunuzi wa chakula cha shule ananunua kiasi fulani cha nguvu, protini na madini kwa kila mtoto kwa kila siku, na pale mpango unapokaguliwa hutakiwa kuonyesha kwa maandishi kwamba kiasi hicho kilifika kwenye sahani.

Asiyeweza kumpa mnunuzi maandishi hayo huona mzigo wake ukiwekwa kando na malipo yakisogezwa mbele, huku mkopo aliokopa kununulia mazao ukiendelea kula riba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mgao uliotumika kwa miaka mingi katika shule za maeneo kame ya Kenya chini ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), kabla ya serikali ya nchi hiyo kuuchukua mpango wote mwaka 2018. Kila mtoto alipangiwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharage au jamii ya kunde, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Shule ya watoto 500, kwa mgao huo, hutumia kilo 75 za mahindi na kilo 20 za maharage kwa siku. Kwa siku 60 za masomo ni tani nne na nusu za mahindi, yaani magunia 45 ya kilo 100, na kilo 1,200 za maharage. Lumbesa haina nafasi katika hesabu hii. Mtunza stoo huandika kilo, na mkaguzi hugawa kilo hizo kwa idadi ya watoto na idadi ya siku.

Kutoka kwenye gramu, hatua inayofuata ni virutubishi. Kwa chakula kisichochanganywa, kama maharage makavu au mahindi, si lazima kwenda maabara kutafuta protini. Yapo majedwali ya viinilishe: la Tanzania lilitolewa mwaka 2008 na la Kenya mwaka 2018. Mahindi makavu yana protini ya takriban gramu 9 katika kila gramu 100, na maharage makavu takriban gramu 22. Kwa hiyo mgao uliotajwa hapo juu humpa mtoto kama gramu 22 za protini, ambapo gramu 9 kati ya hizo hutoka kwenye maharage peke yake. Maharage yakipungua nusu, hakuna kiasi kidogo cha mahindi kitakachoziba pengo hilo.

Makosa hutokea katika kusoma jedwali. Maharage yakipikwa hunywa maji na uzito wake huzidi maradufu, hivyo mstari wa maharage yaliyopikwa huonyesha protini chini ya nusu ya ile ya maharage makavu. Mzabuni anayeandika uzito wa yaliyopikwa kwa takwimu za makavu amejiongezea protini ambayo haipo, hata kama hakukusudia kudanganya. Vivyo hivyo dona si sembe. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini hubaki kwenye pumba, na mara nyingi anayezipata ni kuku.

Ugumu huanza kwenye vyakula vya mchanganyiko, hasa unga wa uji. Hapa jedwali peke yake halitoshi. Inahitajika kauli ya kiwanda inayotaja kila kilichomo na kwa asilimia ngapi. Tuseme unga una mahindi asilimia 80 na soya asilimia 20. Soya ina protini ya takriban gramu 36 kwa gramu 100, hivyo unga huo hutoa gramu 14.4 kwa gramu 100, na kikombe kilichopikwa kwa gramu 50 za unga humpa mtoto gramu 7.2. Soya ikipunguzwa hadi asilimia 10, kikombe kile kile hubaki na gramu 5.85. Rangi ya uji haibadiliki sana na mtoto hawezi kulalamika kwa kitu asichokijua. Na kwa kuwa soya kwa kawaida ni ghali kuliko mahindi, kishawishi cha kuipunguza kipo kila siku mashine inapowashwa. Kauli iliyotiwa saini humfunga mwenye kiwanda na humlinda mchuuzi wa kati ambaye hakuwepo wakati wa kusaga.

Marekani, ambako sheria ya chakula cha mchana shuleni ni ya mwaka 1946 na ambako karibu watoto milioni 30 kwa siku walikula chakula hicho mwaka 2019, jambo hili limegeuzwa kuwa utaratibu kamili. Kiwanda kinachouza, kwa mfano, nyama ya kusaga iliyokwisha kuumbwa kinaweza kuomba lebo maalumu ya serikali inayoeleza kipande kimoja kinahesabiwa kuwa wakia ngapi za nyama. Pasipo lebo, kiwanda hutoa kauli kwenye karatasi yenye jina lake, yenye hesabu na saini ya ofisa wake. Chakula kikionekana baadaye kuwa na upungufu, shule inaweza kukosa fedha za kurudishiwa kwa milo hiyo. Shule iliyotumia bidhaa yenye lebo halali, kwa namna iliyoelekezwa, hukingwa. Upo pia ukaguzi mwepesi ambao hata mwenye duka anaweza kuuiga: kipande chenye uzito wa wakia mbili na nusu hakiwezi kudaiwa kuwa na wakia tatu za nyama. Ajabu ni kwamba karatasi za namna hiyo huandikwa, na wanunuzi hufundishwa kuzitafuta.

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, hata hivyo, karatasi inayouma zaidi ni ya sumukuvu. Chakula chenye protini kamili lakini chenye sumu hakina hesabu ya kufanya. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu ya aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu moja tu katika gunia zima. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba kiwango hicho hakikuzidi. Aliyekuwa na mzigo njiani bila cheti ndiye aliyelipia siku za lori kusimama.

Cheti nacho husomwa. Sumu hii haisambai sawasawa: gunia moja laweza kuwa safi na la pili yake likawa limeoza kwa ndani. Sampuli iliyotolewa kwa bambo kwenye magunia matatu ya mlangoni haisemi lolote juu ya yale ya nyuma. Cheti kinachofaa hutaja namba ya toleo, idadi ya magunia yaliyochomwa, tarehe, na kipimo kilichotumika. Aidha, miligramu kwa kilo na miligramu kwa gramu 100 zinatofautiana mara kumi, na kosa hilo hupita mezani bila mtu kushtuka.

Unga ulioongezwa virutubishi una tatizo lake: vitamini A huharibiwa na mwanga, joto na muda. Cheti cha miezi minane iliyopita kinaeleza unga uliokwisha kuliwa. Mwekezaji mdogo anayeombwa kununua hisa katika kiwanda cha unga huo ana njia rahisi ya kukipima. Aombe ankara za mchanganyiko wa virutubishi na kumbukumbu za mauzo. Kama maelekezo ya mchanganyiko ni gramu 500 kwa tani, tani 200 zilizouzwa zinadai kilo 100 zilizonunuliwa. Ankara zikionyesha kilo 30, unga mwingi umetoka na nembo tu.

Gharama ya maabara hulipwa kwa sampuli, hivyo humwelemea anayepeleka magunia 45 kuliko anayepeleka 450. Wazabuni wadogo wanaweza kununua pamoja toleo moja kutoka ghala moja na kugawana ada, mradi wakubali kwamba gunia moja bovu litawakataza wote. Kwa sababu hiyo hiyo, kila anayepeleka chakula shuleni anapaswa kubaki na kilo moja ya sampuli, imefungwa na kusainiwa na mtunza stoo siku ya makabidhiano, hadi muhula uishe na hundi iwe imepita benki.