Marlin, Henry au Winchester? Jibu lilipita Kilindini mwaka 1909

Mpwa wangu alikulia Liwatoni, Mombasa, hatua chache kutoka gati la wavuvi, na leo anapakia samaki katika kiwanda kisiwani Kodiak, Alaska. Wiki iliyopita aliniletea ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Huku wenzangu wana bunduki kwa sababu ya dubu. Wananiambia ninunue ile ya wenzo, yenye risasi nene. Huyu anasema Marlin, yule Henry, yule Winchester. Wewe umekaa Marekani miaka mingi. Nichukue ipi?"

Nilimpigia simu tukaongea saa nzima. Naandika tuliyoyaongea kwa kuwa vijana wetu wengi sasa wanafanya kazi katika majimbo ambako bunduki ni kitu cha nyumbani kama jembe, na swali hili litawafika.

Tuanze na bunduki yenyewe. Chini ya kifyatulio pana kitanzi cha chuma ambamo vidole huingia. Hicho ndicho wenzo. Ukikisukuma mbele, ganda la risasi iliyokwisha kulia linaruka nje. Ukikirudisha, risasi mpya inaingia chemba na nyundo imeshategwa. Kazi yote inafanywa na mkono ule ule unaofyatua, bunduki ikiwa bado begani.

Aliyeifanya ishike soko ni fundi Benjamin Tyler Henry, aliyepata hataza yake mwaka 1860. Kampuni iliyotengeneza bunduki hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa Winchester mwaka 1866. John Marlin akafungua karakana yake New Haven mwaka 1870. Kwa hiyo majina haya matatu yana ujirani wa zamani, lakini jina si ukoo. Henry ya leo ilianzishwa Brooklyn mwaka 1996, na ilichukua jina la yule fundi bila kurithi karakana yake. Kiwanda cha Winchester cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na bunduki zake za wenzo sasa zinatengenezwa na Miroku, Japani. Marlin ilinunuliwa na Remington, Remington ikafilisika, na mwaka 2020 Ruger ikainunua Marlin. Anayekwambia "nunua Winchester, ndiyo ya babu zetu" anakuuzia kumbukumbu.

Sasa nirudi nyumbani, maana jibu la mpwa wangu lilipita mbele ya mtaa wetu.

Tarehe 21 Aprili 1909 meli ya Kijerumani iitwayo Admiral iliingia Mombasa. Ndani yake alikuwamo Theodore Roosevelt, wiki saba tu tangu atoke madarakani kama rais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit na wanasayansi waliotumwa na taasisi ya Smithsonian kukusanya wanyama. Ukisimama leo kwenye gati la Liwatoni, maji yaliyo chini yako ni maji ya Kilindini, penye kina, ambako meli kubwa za zama zile zilitia nanga. Katika mizigo ya Roosevelt mlikuwamo Winchester ya muundo wa 1895, ya wenzo, yenye risasi ya .405.

Bunduki hiyo ilikuwa na tofauti moja kubwa. Nyingi za wenzo hubeba risasi ndani ya bomba lililolala chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya ile iliyo mbele. Ncha ikiwa kali, mshtuko unaweza kuilipua risasi ndani ya bomba, ndiyo maana risasi zake zilichongwa butu. John Browning, aliyeibuni ile ya 1895, aliliacha bomba akaweka kisanduku ambamo risasi hupangwa moja juu ya nyingine. Hivyo ikaweza kubeba risasi ndefu na zenye nguvu zaidi.

Roosevelt aliipenda mno kwa simba. Lakini hakuja na hiyo peke yake. Alikuwa na Springfield ya jeshi kwa wanyama wengi wa kawaida, na kwa ndovu na vifaru alikuwa na Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Risasi ya .405 ilikuwa na uzito wa gramu 19 hivi. Ya Holland ilifika gramu 31. Simba ana ngozi nyembamba na mifupa myepesi, na gramu 19 zinamtosha. Kifaru ni ukuta. Mwindaji ni yule yule, lakini kinachomngoja mbele kimebadilika, na bunduki nayo ikabidi ibadilishwe.

Wawindaji wa Kiwata, huku nyuma ya pwani yetu, waliijua hesabu hii, kwamba silaha ni kile kinachomfikia mnyama, kabla Winchester haijazaliwa. Upinde wao ulikuwa mzito wa kuvuta kupita kiasi, lakini ndovu aliangushwa na sumu iliyopakwa kwenye mshale. Upinde mzuri wenye sumu iliyoisha nguvu ulikuwa kuni tu.

Liko jambo jingine ninalotaka vijana wetu walijue. Nyuma ya Roosevelt walitembea wabeba bunduki, wakiwamo Bakari na Muhamed, majina ambayo ukiyaita leo sokoni Mombasa watageuka watu kumi. Kazi ya mbeba bunduki ilikuwa kukaa karibu, bunduki ya pili ikiwa mkononi, mnyama akiwa hatua chache, asikimbie. Safari ile iliacha hesabu ya wanyama 512 waliouawa na baba na mwana, simba 17 na ndovu 11 wakiwamo. Makumbusho yakapata ngozi, bwana akapata kitabu, na wabeba bunduki wakapata mshahara wao. Mimi nawakumbuka kila nionapo bunduki hizi ukutani dukani.

Basi nikamwambia mpwa wangu: chapa ni swali la mwisho. La kwanza ni sheria. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya Marekani kumiliki bunduki, ila kwa vibali maalumu kama leseni ya kuwinda; mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa. Ukikosea hapo unaweza kupoteza haki ya kuishi nchini. Wala usiwaze kurudi nayo kuwinda: Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977.

La pili ni mnyama. Dubu dume wa Kodiak anaweza kupita kilo 600. Risasi nene inayojulikana sana kwa bunduki hizi ni .45-70, iliyoanza jeshini mwaka 1873. Ipo ya nguvu ndogo kwa bunduki kuukuu na ipo ya nguvu kubwa kwa za kisasa tu. Soma kisanduku kabla ya kulipa.

Hapo ndipo chapa inapoingia. Marlin hutupa maganda upande wa kulia na juu imezibwa, hivyo darubini hukaa vizuri. Henry za zamani hujazwa kupitia bomba mbele. Za karibuni zimewekewa pia kijilango cha pembeni, ambacho ni chepesi zaidi mtu akiwa na haraka. Winchester za Miroku zinasifiwa kwa ufundi, na bei yake inalingana na sifa. Kwa baridi ya Alaska, chukua yenye kitanzi kipana, mkono uingie na glavu.

"Kwa hiyo ipi, mjomba?"

Nikamwambia anunue kwanza kopo la pilipili ya kupuliza, alivae kiunoni. Kisha achukue ile ambayo risasi zake zinapatikana duka la pale pale, na aufanyie wenzo mazoezi mpaka mkono uukumbuke gizani. Roosevelt alikuwa na bunduki kadhaa, na Bakari nyuma yake. Mpwa wangu atakuwa na moja, na nyuma yake hakuna mtu.