Gari lililoshushwa: tairi na rimu zipimwe kabla ya kununuliwa

Wamiliki wengi wa magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, mkoani Kagera kama kwingineko nchini, huyashusha kwa springi fupi na kuyafunga rimu kubwa kuliko za kiwandani. Gari linalotoka Kagondo ya Manispaa ya Bukoba kwenda Kagondo ya Wilaya ya Muleba hukutana na vilima, matuta na barabara za mitaa zenye changarawe, katika eneo ambalo mvua yake, kwa upande wa Bukoba, hufikia wastani wa takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Tairi lisilokaa sawa husaga fenda au shokapu, na ubavu uliosagwa unaweza kupasuka gari likiwa kwenye mwendo na abiria ndani.

Kipimo cha kwanza kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Tairi la 195/65R15, linaloonekana kwenye magari mengi ya aina hiyo, lina upana wa milimita 195. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani takribani milimita 127, na huvaa rimu ya inchi 15. Ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu vikijumlishwa, kimo cha tairi lote huwa milimita 634.5.

Anayehamia rimu ya inchi 17 atapata kimo karibu kilekile kwa tairi la 225/45R17, yaani milimita 634.3. Akiuziwa 225/50R17, tofauti ya namba moja tu, kimo hupanda hadi 656.8. Ukingo wa juu wa tairi hukaribia fenda kwa milimita 11 katika gari ambalo nafasi yake tayari imepunguzwa na springi. Kipimamwendo kilichokuwa sahihi awali kitaonesha kilomita 80 kwa saa wakati gari linakwenda karibu 83.

Wanunuzi wengi huishia hapo, ilhali tatizo kubwa huwa nyuma ya rimu. Huko hupigwa chapa ya herufi ET na namba, ambayo ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusana na habu. Namba ikipungua, gurudumu hutoka nje zaidi. Rimu ya upana wa inchi 6 yenye ET45 ikibadilishwa kwa ya inchi 7.5 yenye ET35, ukingo wa nje husogea takribani milimita 29 kuelekea fenda, na wa ndani milimita 9 kuelekea shokapu. Kwenye gari lililoshushwa milimita 29 ni nyingi mno. Kauli ya muuzaji kwamba rimu "inaingia" haitoshi. Kinachotakiwa ni futi ya kupimia.

Matundu ya nati nayo hayalazimishwi. Rimu ya matundu matano kwenye duara la milimita 114.3 haikai kwenye habu ya milimita 100, hata kama jicho halioni tofauti. Namba ya uzito pia isishuke chini ya ile ya kiwandani: 91 humaanisha tairi moja kubeba kilo 615, na 88 kilo 560.

Jaribio la mwisho lifanyike gari likiwa na abiria na mizigo yake ya kawaida, usukani ukikatwa hadi mwisho kulia kisha kushoto, na gurudumu moja likipandishwa juu ya kizingiti. Gari tupu lililosimama kwenye sakafu tambarare ya gereji halioneshi kitakachotokea kwenye tuta. Springi zilizokatwa kwa moto zikataliwe kabisa, kwa kuwa chuma chake hupoteza nguvu na springi inaweza kuchomoka mahali pake.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kutumia barabarani gari bovu linaloweza kuhatarisha watu. Gari lililopita ukaguzi kabla ya kushushwa halina kinga baada ya kubadilishwa.

Baada ya kufunga, alaimenti ipimwe upya na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo uanzie kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ambacho kwa magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na takribani 32 kwenye geji ya gereji.