Kamera Ikisema Kadi Haisomeki, Usikimbilie Kufomati

Bwana harusi ndiyo kwanza amemvisha bibi harusi pete, mpiga picha anabonyeza, na badala ya picha kioo cha kamera kinaleta ujumbe. Kwenye Canon mara nyingi ni Err 02, na maelezo kwamba kadi haifikiki: itoe uirudishe, weka nyingine, au ifomati. Kwenye Nikon unaweza kuambiwa kadi haijafomatiwa, ifomati. Ona kamera inavyokurahisishia mambo! Bonyeza OK, tatizo limekwisha. Limekwisha kwa kamera. Kwako wewe mwenye picha 400 za harusi ya watu, ndiyo kwanza linaanza.

Hebu tufungue kadi tuone ndani kuna nini, maana hatua za kuokoa picha zinatokana na huko.

Ndani ya kile kiplastiki kuna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni memori yenyewe, ya aina ya flashi, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Inahifadhi data kwa kunasa elektroni ndani ya vijumba vidogo mno vilivyozungushiwa kihami. Elektroni zikishanaswa hazitoki kirahisi, ndiyo maana unazima kamera, unatoa betri, na picha bado zipo. Kadi nyingi za siku hizi hubebesha kijumba kimoja biti 3, yaani lazima kitofautishe viwango 8 vya chaji. Kila ukifuta na kuandika upya, kihami kinachakaa kidogo.

Cha pili ni kidhibiti, kompyuta ndogo inayokaa kati ya kamera na memori. Kinasambaza kazi ili vijumba visichakae upande mmoja, na kinasahihisha makosa madogo madogo bila wewe kujua. Kidhibiti kikifa, kadi imekufa hata kama picha zote zimo salama ndani. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Ni kazi ya maabara yenye vifaa vya kusoma memori moja kwa moja, na bei yake si ya kawaida.

Lakini makosa mengi hayafiki huko. Fikiria ghala kubwa lenye karani mlangoni. Karani ana daftari: mzigo fulani ni wa nani, unaanzia chumba namba ngapi, unaendelea chumba gani. Kadi nayo ina daftari lake, na faili za picha ndiyo mizigo. Sasa betri ikizima ghafla wakati karani anaandika, au wewe ukichomoa kadi huku kile kitaa chekundu cha kamera bado kinawaka, daftari linabaki nusu nusu. Mizigo ipo ghalani. Ila karani hajui tena iko wapi, kwa hiyo anakwambia ghala halijapangwa. Hiyo ndiyo maana halisi ya "kadi haijafomatiwa".

Na kufomati ni nini basi? Kwa kawaida ni kumpa karani daftari jipya, tupu. Mizigo haiguswi palepale, lakini vyumba vyote sasa vinahesabika kuwa wazi, na picha ya kwanza utakayopiga baada ya hapo itawekwa juu ya ya zamani. Kufuta faili ni hivyo hivyo: jina linawekewa alama kwamba limefutwa, vyumba vinatangazwa wazi, basi. Kwa hiyo hata kama umeshafomati, usikate tamaa, ila usipige hata picha moja zaidi. Tahadhari moja: kamera kadhaa zina chaguo la fomati ya kina, inayosafisha vyumba vyenyewe. Ukiweka tiki hapo, picha ndiyo zimekwenda.

Sasa basi, ujumbe umetokea, ufanye nini? Zima kamera, toa kadi, itazame. Kadi ya SD ina vibati vya shaba vilivyopakwa dhahabu, na jasho la vidole au vumbi vinatosha kabisa kuleta kosa. Futa taratibu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, au pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke. Kama unatumia microSD ndani ya adapta, jaribu adapta nyingine kabla ya kulaumu kadi. Adapta ni kitu cha bei ndogo na zinakufa sana.

Angalia pia kile kitelezi cha kufuli pembeni. Watu wengi hudhani ni swichi ya umeme. Wapi! Ni kipande cha plastiki tu, hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi; tundu la kamera ndilo linalohisi kimekaa wapi. Kikivunjika, kamera itadai kadi imefungwa milele, na wapiga picha wengine hubandika kipande cha selotepu pale kazi ikaendelea.

Umri wa kamera nao ni wa kuangalia. Kadi za SDHC huishia GB 32. Juu ya hapo ni SDXC, ambazo hutumia mpangilio wa faili mwingine, exFAT. Kamera ya zamani ukiipa kadi ya GB 64 inaweza kuikataa kabisa, na kadi haina kosa lolote.

Yote hayo yakishindikana, peleka kadi kwenye kompyuta, ikiwezekana kwa kadi rida na si kwa waya wa kamera. Windows nayo itakuuliza kama ufomati. Kataa. Na usianze na zile amri za kurekebisha diski, kwa sababu zinaandika juu ya kadi hiyo hiyo unayotaka kuiokoa. Funga kitelezi, kisha tumia programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Yenyewe haimuulizi karani chochote. Inapita chumba kwa chumba ikitafuta alama: kila faili ya JPEG huanza na baiti FF D8, na programu ikiziona inajua hapa pana picha. Inachopata kihifadhi kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Majina ya faili utayapoteza, na video ndefu zinaweza kutoka vipande vipande kwa sababu vyumba vyake havikufuatana.

Kuna kisa kimoja ambacho hata PhotoRec haiwezi, nacho ni kadi feki. Hapa kidhibiti kimefundishwa kusema uongo: memori ni GB 8, kinaiambia kamera ni GB 128. Kwa picha za MB 10 kila moja, takribani 800 za kwanza zitakaa vizuri kabisa, nawe utamsifia muuzaji. Zinazofuata zinaandikwa hewani au juu ya zile za mwanzo. Daftari liko mwanzoni mwa kadi, kwa hiyo majina na ukubwa wa faili unauona kama kawaida. Ukifungua, hakuna kitu. Kabla hujaenda na kadi mpya kwenye kazi ya mtu, ijaze yote kwa H2testw kama una Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Programu hizi huandika data mpaka kadi ijae, kisha zinaisoma tena kulinganisha. Kadi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache ifanye kazi usiku umelala.