Ufundi Usioandikwa: Nguo na Vyakula vya Bangladeshi

Wanachama wenzangu, je, mwajua kwamba kuna nguo ambayo maua yake hayachorwi mahali popote kabla ya kufumwa? Hiyo ni jamdani ya Bangladeshi. Hufumwa hasa Rupganj, kando ya mto Shitalakshya, si mbali na mji mkuu, Dhaka.

Wafumaji wawili hukaa bega kwa bega, miguu ikiwa ndani ya shimo chini ya kitanda cha kufumia. Mmoja ni fundi, mwenziwe ni mwanagenzi. Fundi humtajia uzi upi aushike na upi auache, naye hukariri kama sisi tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Kila ua hutiwa kwa mkono, ndiyo maana sari moja nzuri huweza kuchukua miezi. Sasa fundi akifa kabla ya kumfunza mtu, maua hayo huenda naye kaburini.

Msidhani natia chumvi. Dhaka ilikuwa na melimeli nyepesi ajabu, vazi la wafalme wa Mughal. Pamba yake, phuti karpas, ilimea kando ya mto Meghna, na uzi ulisokotwa hewa ikiwa na unyevu, maana hewa kavu huukata. Waingereza walipotawala, nguo rahisi za mashine kutoka kwao zikajaa sokoni. Katika karne ya 19 ufundi huo ukafa, na pamba yenyewe ikapotea. Vipande vya melimeli vilibaki katika majumba ya makumbusho London, lakini nani angeifuma? Watafiti walihangaika miaka kutafuta mmea na wasokotaji, hadi kufikia 2020 ndipo sari za kwanza zikafumwa tena.

Jamdani iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2013. Vyema, lakini cheti hakifumi nguo! Nguo za mashine huigiza maua yale yale na kuuzwa kwa bei ya chini, basi kijana wa mfumaji atakaa shimoni kwa faida gani?

Hata jikoni mambo ni hayo hayo. Wakati wa baridi watu hupika bhapa pitha, mkate wa mvuke wa unga wa mchele, nazi na sukari guru ya mtende. Utomvu hugemwa usiku, chungu kikining'inia mtini (wagema wa mnazi kule Pwani watanielewa), kisha huchemshwa asubuhi. Mitende mingi imekatwa ikawa kuni za matanuri ya matofali, na wagema wamepungua. Mchele upo, nazi ipo, ila sukari guru nyingi ya sokoni siku hizi imechanganywa na sukari ya dukani.