Kupigwapigwa Kifua kwa Mgonjwa Aliye kwenye Mashine ya Kupumulia

Leo tutazungumzia jambo linalowatia hofu jamaa wengi. Mgonjwa wako amepewa rufaa kutoka hapa Kegonga hadi Kisii, na sasa yumo katika chumba cha wagonjwa mahututi, anapumua kwa mashine. Unaingia kumwona, unamkuta mhudumu akimpigapiga mbavuni. Usilie ukidhani anaumizwa. Hayo ni matibabu.

Mimi na wewe tukiwa na makohozi, tunakohoa. Aliye kwenye mashine hawezi kukohoa vizuri, kwa sababu mpira umepitishwa kooni mwake, na mara nyingi amepewa dawa ya usingizi. Makohozi hutuama mapafuni kama matope kwenye mtaro. Hewa hukosa njia, viini huzaana, na nimonia nyingine huweza kumpata akiwa pale pale kitandani.

Ndiyo sababu kichwa chake huinuliwa, hugeuzwa ubavu baada ya ubavu kila saa chache, na makohozi hunyonywa kwa mpira mwembamba. Wakati mwingine mtaalamu wa fiziotherapia humpigapiga kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, ili makohozi yabanduke. Si kila mgonjwa hufanyiwa hivyo. Aliyevunjika mbavu au anayevuja damu mapafuni anaweza kuzidiwa, kwa hiyo hupimwa kwanza.

Je, mlezi, kazi yako ni ipi? Nawa mikono kabla ya kumgusa. Usiguse mipira wala kushusha kitanda. Usimpe uji wala maji mdomoni. Ongea naye, kwani huenda anakusikia. Usipoelewa jambo, muulize muuguzi.

Sasa sikiliza onyo hili. Usimpigepige kifua mtoto mwenye nimonia nyumbani ukitarajia apone. Kupigapiga hakuui viini. Mtoto akitulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke hospitalini. Kifua kikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, usingoje kuche. Nimonia ikitibiwa mapema, watoto wengi hupona bila kuhitaji mashine.