Chokoleti ya Kopo, Chokoleti ya Kipande

Katika duka la Bulla Pesa, mjini Isiolo, mahali pa chokoleti ya kipande ni ndani ya friji, pamoja na soda. Ile ya kunywa hukaa rafuni kando ya majani ya chai, na joto la huko haliifanyi kitu. Kinachozitofautisha ni mafuta. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo sababu kipande huyeyuka mdomoni, na ndiyo sababu huyeyuka pia ndani ya lori. Kikishaganda tena, mafuta hujitokeza juu na kuacha utando mweupe. Wateja hukirudisha wakidhani kimeota ukungu. Si ukungu, na hakidhuru, ila ule ulaini wake huwa umekwisha.

John Cadbury alipofungua duka lake Birmingham, Uingereza, mwaka 1824, kipande hakikuwepo. Aliuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Alikuwa Mquaker, dhehebu ambalo Wakenya wa Vihiga na Kakamega wanalijua vyema, na alitaka watu wapate kinywaji badala ya pombe. Hoja hiyo Bulla Pesa haihitaji kufafanuliwa.

Shida ilikuwa kwamba karibu nusu ya punje ya kakao ni mafuta. Yalielea kikombeni, na watengenezaji waliyaficha kwa kuchanganya wanga. Mwaka 1866 wanawe, Richard na George, walileta kutoka Uholanzi mashine ya kampuni ya van Houten ya kukamua mafuta hayo. Wakauza unga mtupu wa kakao na kujitangaza kwa usafi wake. Mafuta yaliyokamuliwa yakatumika kutengeneza chokoleti ya kutafuna. Dairy Milk, inayojulikana zaidi leo, ilikuja mwaka 1905 tu.

Sifa ya usafi ilikuwa na doa. Tangu 1901 kampuni ya Cadbury ilikuwa imesikia kwamba kakao ya kisiwa cha São Tomé ililimwa na watumwa, lakini haikuacha kuinunua hadi mwaka 1909. Mwaka huohuo ilishinda kesi dhidi ya gazeti lililoishutumu kwa unafiki. Mahakama ikaipa fidia ya robo ya peni. Nadhani wazee wa baraza walioamua kesi hiyo walijua walichokuwa wakisema.

Nairobi nayo ilikuwa na kiwanda cha Cadbury hadi kilipofungwa mwaka 2014, na makopo yakawa yanaagizwa kutoka nje.

Unaponunua kopo, soma viambato: kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi. Kwenye chokoleti ya kunywa, hicho ni sukari. Kopo lililoandikwa kakao pekee ndilo lililo karibu na unga wa 1866. Unga huo ni mchungu, na mwenye kisukari anaweza kuukoroga kwenye maziwa ya ngamia bila kuongezewa sukari asiyoiomba.